Jezi 14 za Edwin Jackson

Asubuhi ya Julai 27, 2011, Edwin Jackson aliamka akiwa mrushaji wa Chicago White Sox. Kabla siku haijaisha alikuwa mali ya Toronto Blue Jays, na kabla hata hajaiona jezi ya Toronto alikuwa ameshapelekwa St. Louis Cardinals. Klabu tatu kwa siku moja. Katika kundi la wachezaji waliotolewa naye Toronto kwenda St. Louis alikuwemo mrushaji mwingine, Octavio Dotel wa Jamhuri ya Dominika, ambaye mwaka uliofuata aliweka rekodi ya kuchezea klabu 13 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Rekodi hiyo aliivunja Jackson mwenyewe mwaka 2019: klabu 14.

Mtu akisikia namba hiyo hukimbilia neno moja, kiguu na njia. Anadhani ni mchezaji asiyetulia, au asiyetakiwa, anayetupwa kila baada ya msimu. Mimi naona neno hilo linamwonea. Kiguu na njia huondoka kwa miguu yake. Jackson, kwa nusu nzima ya kwanza ya maisha yake ya kazi, hakuondoka popote, alihamishwa. Safari alizozichagua mwenyewe zilikuja baadaye, na zilikuwa za namna nyingine kabisa. Ukizichanganya hizo mbili hutamwelewa yeye, wala hutaielewa biashara ya mchezo wenyewe.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, maelezo machache yanatosha. Mrushaji ndiye anayesimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji. Mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku nne hivi kabla ya kuanza tena, kwa hiyo klabu inahitaji watano wa kupokezana, kwa msimu wa mechi 162. Ushindi na kushindwa huandikwa kwa jina la mrushaji, japo wenzake ndio wanaofunga mikimbio, yaani pointi za mchezo huu. Kipimo kinachoaminika zaidi ni wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila duru tisa, yaani mechi nzima: ukiwa chini ya 4 uko vizuri, ukivuka 5 kiti kinaanza kupata moto.

Mtoto wa kambini

Jackson alizaliwa Septemba 9, 1983, Neu-Ulm, Ujerumani Magharibi, kwa sababu baba yake alikuwa askari wa jeshi la Marekani aliyepangwa huko. Alikulia Columbus, jimbo la Georgia, mji uliopakana na kambi kubwa ya jeshi. Mtoto wa kota anajua mambo haya: amri inatoka juu, mzigo unafungwa, marafiki wanaachwa. Sitaki kusema malezi hayo ndiyo yaliyomwezesha kuvumilia yaliyofuata, maana sina kipimo cha jambo hilo. Ila si mtu aliyeona sanduku kwa mara ya kwanza ukubwani.

Los Angeles Dodgers walimchagua mwaka 2001 katika raundi ya sita, akitoka sekondari. Miaka miwili tu baadaye, siku alipotimiza miaka 20, wakampandisha kilimani mjini Phoenix kwa mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Aliyesimama upande wa pili alikuwa Randy Johnson, mmoja wa warushaji wakali kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huu, ambaye kesho yake alikuwa anatimiza miaka 40. Kijana alirusha duru sita, akaruhusu mkimbio mmoja, na Dodgers wakashinda 4-1. Kabla ya msimu wa 2004 gazeti la Baseball America lilimweka nafasi ya nne kati ya vijana wote wanaotarajiwa Marekani nzima.

Halafu hakuna kilichotokea. Mwaka 2004 wastani wake ulikuwa 7.30, wa 2005 ukawa 6.28. Mpira ulikuwa na kasi, lakini haukuwa na anwani. Januari 2006 Dodgers wakamtoa kwenda Tampa Bay pamoja na kijana mwingine, wakachukua warushaji wawili wazoefu.

Hapo Tampa Bay ndipo inapoonekana kwa nini klabu ziliendelea kumtaka. Mwaka 2007 alishinda mechi 5 na kupoteza 15, wastani 5.76. Kwa macho ya shabiki huyo ni mtu wa kuachwa. Kwa macho ya meneja ni kijana wa miaka 23 mwenye mkono wenye nguvu, ambaye kila zamu yake ilipofika alikuwa mzima na tayari. Kuanzia 2007 hadi 2013, misimu saba mfululizo, Jackson hakuanza mechi chini ya 31 kwa msimu. Bega na kiwiko cha mrushaji ni vitu vinavyokatika. Kila klabu ina wawili watatu hospitalini. Mtu anayekuja kazini kila siku ya tano, mwaka baada ya mwaka, ana thamani hata anapopoteza. Na mwaka 2008 hakupoteza sana: alishinda 14, na Tampa Bay, waliokuwa hawajawahi hata kumaliza msimu wakiwa na ushindi mwingi kuliko kushindwa, wakafika World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu.

Zawadi yake ikawa kuhamishwa. Desemba 2008 akaenda Detroit Tigers. Huko mwaka 2009 alikuwa na msimu bora wa maisha yake: duru 214, wastani 3.62, na kuitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Desemba ya mwaka huohuo, akahamishwa tena.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja ya "asiyetakiwa" inapovunjika. Uhamisho wa Desemba 2009 ulihusisha klabu tatu na wachezaji saba. Jackson alikwenda Arizona Diamondbacks; Detroit, katika mgawanyo huo, wakampata kijana aliyeitwa Max Scherzer, ambaye baadaye alishinda tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa mwaka mara tatu. Mtu asiyetakiwa habadilishwi na mali ya namna hiyo. Jackson alikuwa sarafu nzuri. Na sarafu nzuri haikai mfukoni, inapita mkono kwa mkono.

Mirusho 149

Juni 25, 2010 Arizona walikwenda St. Petersburg, Florida, kucheza na Tampa Bay, klabu ya zamani ya Jackson, kwenye uwanja wenye paa. Duru ya pili Adam LaRoche aliupiga mpira ukatoka nje ya uzio, ikawa 1-0. Hakuna mkimbio mwingine uliopatikana usiku ule.

Jackson alianza vibaya mno. Mrushaji akikosa shabaha mara nne kwa mpigaji mmoja, mpigaji huyo hupewa bure kituo cha kwanza kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka ili kupata mkimbio. Katika duru tatu za mwanzo Jackson alitoa vituo vya bure saba. Duru ya tatu aliwapa wapigaji watatu mfululizo, vituo vyote vikajaa, na hajapata hata mmoja wa kumtoa. Kwa kawaida hapo ndipo kocha anapotoka benchi kwa mwendo wa taratibu, mkono ukinyooshwa kuomba mpira. Hakutoka. Jackson akawatoa watatu waliofuata, idadi inayofunga zamu ya wapigaji, bila mkimbio kuingia.

Baada ya hapo, ghafla, akatulia. Kuanzia duru ya nne hadi ya tisa alitoa kituo cha bure kimoja tu. Ila hesabu ya mirusho ilikuwa imeshapanda. Siku hizi mrushaji akifikisha mia moja, benchi linaanza kuhangaika. Yeye alipita mia, akapita mia na ishirini, na tatizo la kocha A.J. Hinch likawa hili: Tampa Bay walikuwa bado hawajapata pigo hata moja, yaani hakuna mpigaji wao aliyeupiga mpira na kufika kituo kwa nguvu ya pigo hilo. Mechi isiyo na pigo ni kitu ambacho warushaji wengi wakubwa hustaafu bila kukionja. Arizona walikuwa na moja tu katika historia yao, ya mwaka 2004, na aliyeirusha alikuwa Randy Johnson, yuleyule mzee wa siku ya miaka 20 ya Jackson.

Hinch alimwacha. Jackson alimaliza duru zote tisa kwa mirusho 149, idadi ambayo haikuwa imeonekana ligi kuu tangu 2005. Vituo vya bure vinane, mapigo sifuri. Tazama picha za mwisho wa mechi, mdakaji Miguel Montero akimkimbilia kilimani.

Wapo waliosema Hinch alimchezea mtu mkono wake, na wasiwasi huo nauheshimu, kwa sababu mkono ndio maisha ya mrushaji. Lakini kilichofuata hakikuthibitisha hofu hiyo. Kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine. Chini ya wiki moja baadaye, Julai 1, Hinch alifukuzwa kazi pamoja na meneja mkuu aliyemleta Jackson Arizona. Julai 30, siku 35 baada ya usiku wa St. Petersburg, Jackson naye alihamishiwa Chicago White Sox. Huko, mkono ule uliodaiwa kuchoka ulianza mechi 11 kwa wastani wa 3.24.

Aliyekwenda Arizona badala yake alikuwa Daniel Hudson. Mwaka uliofuata Hudson aliwashindia mechi 16, kwa hiyo kibiashara Arizona hawakukosea. Hili ndilo jambo gumu la kisa hiki: karibu kila uhamisho wa Jackson, ukiutazama kwa mizani ya klabu iliyomtoa au iliyomchukua, una maelezo yenye akili. Hakuna mhalifu wa kumtafuta.

Haki ya kukataa

Kwenye soka, Simba hawawezi kumhamishia mchezaji klabu nyingine bila yeye mwenyewe kukubali na kutia saini mkataba mpya. Tumezoea hivyo kiasi kwamba tunadhani ni hali ya kawaida duniani. Besiboli ya Marekani haiko hivyo. Mkataba wa mchezaji unahama pamoja naye, kama hati ya kiwanja. Kwa miaka yake sita ya mwanzo ligi kuu, klabu inamshikilia. Inaweza kumpeleka popote, akapigiwa simu tu.

Aliyepigana na jambo hilo alikuwa Curt Flood, mchezaji wa St. Louis Cardinals. Mwaka 1969 alihamishiwa Philadelphia akakataa kwenda, akamwandikia barua kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa. Alikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa. Kazi yake ya uchezaji ilikufa katika kesi hiyo. Baadaye wachezaji walipata vitu viwili. Cha kwanza ni uhuru wa kusaini wanakotaka baada ya miaka sita. Cha pili ni ile inayoitwa haki ya 10-na-5: mchezaji mwenye miaka kumi ligi kuu, ambayo mitano ya mwisho ameitumikia klabu moja, anaweza kukataa kuhamishwa.

Soma sharti hilo taratibu. Anayelindwa asihamishwe ni yule ambaye tayari hakuhamishwa. Jackson aliifikisha ile kumi. Ile mitano hakuikaribia hata mara moja; muda wake mrefu kuliko wote katika klabu moja ulikuwa misimu mitatu. Kila uhamisho ulirudisha saa yake kwenye sifuri. Mwingine angeweza kuomba kinga hiyo iandikwe kwenye mkataba wake, lakini hilo ni jambo la mchezaji mwenye nguvu mezani, na Jackson katika miaka ile sita hakuwa na meza ya kukalia.

Hesabu yake basi ni hii: kutoka Januari 2006 hadi Julai 2011 alihamishwa mara sita bila kuulizwa. Ya tano na ya sita ndizo zile za siku ya klabu tatu, na ya sita ikampeleka St. Louis, klabu ya Flood.

St. Louis wa mwaka huo nawapenda sana. Mwishoni mwa Agosti walikuwa nyuma kwa mechi kumi na nusu katika mbio za kufuzu, na wakafuzu siku ya mwisho ya msimu. Jackson aliwapa wastani wa 3.58. Kwenye World Series dhidi ya Texas Rangers alianza mechi ya nne na, kama kawaida yake, akatoa vituo vya bure saba, wakafungwa 4-0. Lakini Cardinals walishinda mechi ya sita ambayo mara mbili walikuwa mrusho mmoja tu kutoka kushindwa, kisha ya saba. Edwin Jackson ana pete ya ubingwa.

Alipokuwa huru

Baada ya ubingwa ule alikuwa huru kwa mara ya kwanza. Washington Nationals walimpa mwaka mmoja kwa dola milioni 11. Kisha Januari 2013 Chicago Cubs wakampa kile ambacho hakuwahi kupewa: miaka minne, dola milioni 52. Hatimaye nyumba.

Na hapo ndipo alipoanguka. Mwaka 2013 alipoteza mechi 18, nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa Ligi ya Taifa, moja ya nusu mbili za ligi kuu. Sehemu ya hizo nawaandikia Cubs wenyewe, waliopoteza mechi 96 mwaka huo. Lakini wastani wa 4.98, na wa 6.33 mwaka uliofuata, hiyo ni yake. Alikuwa na miaka 30, kasi inaanza kushuka, na mrushaji ambaye shabaha yake haikuwahi kuwa ya kutegemewa anahitaji kasi hiyo ili kusamehewa makosa. Watu hupenda kusema kuhamahama kulimharibia Jackson kazi. Rekodi inasema kinyume: miaka yake mizuri alikuwa njiani, na miaka mibaya alikuwa ametulia. Sisemi utulivu ulimharibu. Nasema umri haujali anwani yako.

Julai 2015 Cubs walimwachia. Hapa kuna utaratibu wa fedha unaoeleza mengi ya yaliyofuata. Klabu ikimwachia mchezaji, inaendelea kumlipa mkataba wake hadi uishe. Klabu mpya hulipa kima cha chini tu. Ghafla Jackson alikuwa mrushaji mzoefu wa bei ya chini kabisa. Atlanta Braves wakamchukua, kisha Miami Marlins, kisha San Diego Padres. Mwaka 2016 Cubs waliutwaa ubingwa wao wa kwanza baada ya miaka 108, wakati mshahara wake bado uko kwenye vitabu vyao.

Mkataba ule ulipokwisha, angeweza kwenda nyumbani akiwa tajiri. Badala yake alianza kusaini mikataba ya ligi ndogo, ile ya kuomba nafasi: Baltimore, Washington tena, na mwaka 2018, baada ya Washington kumweka ligi ndogo bila kumwita, Oakland. Namwangalia mtu wa miaka 34, mwenye pete ya ubingwa, nyota wa ligi, akirudi kupanda ndege na vijana wa miaka 22 ambao hawajui watalala wapi mwezi ujao, na siwezi kuyaita hayo kutangatanga. Huyo anaipenda kazi.

Oakland walikuwa wamemaliziwa warushaji na majeraha. Wakampandisha Juni 25, 2018, miaka minane kamili tangu usiku wa mirusho 149, akaanza Detroit, mji aliokuwa nyota wake. Ilikuwa klabu ya 13, akawa sawa na Dotel. Alianza mechi 17 kwa wastani wa 3.33, na Oakland wakashinda mechi 97 msimu ule. Nyuma yake walikuwa Matt Chapman na Matt Olson, wote washindi wa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora wa uwanja, mwaka huo. Mrushaji ambaye hana tena kasi ya kuwamaliza wapigaji mwenyewe anaacha mpira upigwe chini na kuwaamini walio nyuma yake. Oakland walikuwa na watu wa kuaminiwa.

Mei 2019 Oakland walimhamishia Toronto kwa fedha taslimu. Mei 15, mjini San Francisco, hatimaye alivaa jezi ambayo mwaka 2011 ilikuwa yake kwa saa chache bila kuigusa. Klabu ya 14. Msimu wenyewe ulikuwa mchungu: Toronto, kisha Detroit kwa mara ya pili, ushindi 3, kushindwa 10, wastani 9.58. Hakurusha tena ligi kuu. Jumla yake ilibaki ushindi 107, kushindwa 133, wastani 4.78, na wapigaji 1,508 waliotolewa kwa kukosa mpira.

Mwaka 2021, akiwa na miaka 37, alikwenda na timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Tokyo. Alimkuta humo Scott Kazmir, mrushaji mwenzake wa Tampa Bay ya 2008. Fainali ilichezwa Yokohama, Japani wakashinda 2-0, na Jackson akarudi na medali ya fedha. Septemba 2022 alitangaza kustaafu.

Julai 2025, kwenye uwanja wa Chicago Cubs, Rich Hill mwenye miaka 45 alipanda kilimani akiwa na jezi ya Kansas City Royals na kuwa mtu wa pili kufikisha klabu 14. Hill naye, katika klabu zote hizo, hakuna hata moja aliyoitumikia miaka mitano mfululizo.